Kujenga behewa la Silberling la mwaka 1975 kwa simuleta ya treni, hatua kwa hatua

Mabehewa mengi ya kale yanayopakuliwa bure kwa ajili ya simuleta (mchezo wa kompyuta wa kuendesha treni) yana ugonjwa mmoja, na si uchoraji mbaya. Ni tarehe. Rangi ni ya miaka ya 1990, namba ni ya kabla ya hapo, na nembo ya ubavuni ni ya shirika ambalo kwa mwaka huo halijaundwa bado. Kila kipande ukikitazama peke yake kimetengenezwa vizuri. Ukivikusanya, unapata behewa ambalo halikuwahi kupita kwenye reli yoyote, siku yoyote.

Kwa hiyo hapa tunaanza na mwaka. Ukishaupata, kila uamuzi unaofuata unapimwa nao, kuanzia umbo la kichwa cha treni hadi tarehe ndogo ya ukaguzi iliyoandikwa kwenye fremu.

Mfano wetu ni Silberling, behewa la abiria wa safari fupi la Deutsche Bundesbahn, shirika la reli la Ujerumani Magharibi. Nimelichagua kwa sababu tatu. Yalijengwa zaidi ya 5,000, hivyo picha zake hazina idadi. Umbo lake ni rahisi: sanduku refu lenye milango miwili kila upande. Na ngozi yake, yaani uso wake wa nje, ni ngumu kuchora kuliko ya behewa lolote la enzi hizo, kwa hiyo ukiiweza hii, behewa la kijani lililopakwa rangi ya kawaida halitakusumbua.

Vifaa vyote ni vya bure: Blender kwa umbo, GIMP kwa tekscha (picha inayovikwa juu ya umbo), na Open Rails kama simuleta. Open Rails inasoma mafaili ya mtindo wa Microsoft Train Simulator ya 2001, na kompyuta ya kawaida inaimudu. Anayetumia Trainz au Train Simulator Classic anaweza kufuata hatua zilezile. Kinachobadilika ni namna ya kutoa faili mwishoni.

Hatua ya 1: Funga mwaka

Silberling lilijengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1980, na liliendelea kubeba abiria miongo kadhaa baada ya hapo. Kwa umri mrefu hivyo, kusema tu "nataka Silberling" hakujakupa kitu. Kabla hujafungua Blender, fungua faili la maandishi, andika mwaka, na chini yake andika nini kilikuwepo na nini hakikuwepo.

Kuna tarehe chache zinazonasa watu kila mara. Daraja la tatu lilifutwa Ulaya Magharibi tarehe 3 Juni 1956, kwa hiyo Silberling halikuwahi kuwa nalo. Lakini ukija kutengeneza behewa la miaka ya 1920, tarehe hiyo ndiyo itakayoamua kama benchi ziwe za mbao tupu au la. Katikati ya miaka ya 1960 namba za UIC (muungano wa kimataifa wa reli) za tarakimu 12 zilianza kuingia, na herufi za aina zikafupishwa: behewa la daraja la pili lililoitwa B4nb, ile 4 ikionyesha ekseli nne, likawa Bnb. Tarehe 1 Januari 1968 vichwa vya treni navyo vilipewa namba za kompyuta, ndiyo maana E 41 ikawa 141, na V 100 zikawa 211 na 212. Oktoba 1977 mvuke uliaga rasmi kwenye reli za Bundesbahn. Mwaka 1984 njia ya Köln–Gummersbach ilipata Silberling zilizopakwa rangi ya machungwa na kijivu kwa huduma iliyoitwa City-Bahn. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja rangi ya kijani-samawati na kijivu, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 ule wekundu ambao wengi wanaufahamu leo. Januari 1994 Bundesbahn yenyewe iliunganishwa na reli za upande wa mashariki kuwa Deutsche Bahn AG, na nembo ikabadilika.

Sisi tunafunga 1975. Maana yake: ngozi ya fedha isiyopakwa rangi, namba ya tarakimu 12, nembo ya zamani ya DB ile ya herufi nene zenye pembe za mviringo, na mbele kichwa cha treni chenye namba ya kompyuta. Ukikutana na picha nzuri mno ya 1998, ipendelee kwa umbo la bogi au mpini wa mlango, lakini usichukue hata tone la rangi yake.

Hatua ya 2: Vipimo

Vipimo vya msingi ni hivi. Urefu kutoka bafa hadi bafa (vile vikinga mshtuko vya kwenye ncha) ni mita 26.4. Umbali kati ya vitovu vya bogi ni mita 19.0. (Ninaposema bogi namaanisha kile kigari cha ekseli mbili kilicho chini, si behewa zima kama tunavyoita mitaani.) Ekseli mbili za bogi moja zimeachana mita 2.5. Upana wa mwili ni milimita 2,825 na urefu kutoka juu ya reli ni kama mita 4.05. Bafa ziko karibu milimita 1,060 juu ya reli, na kutoka kitovu cha bafa moja hadi ya pili ni milimita 1,750. Dirisha moja la abiria lina upana wa karibu milimita 1,200. Namba hii ya mwisho ikumbuke, tutaitumia kama rula.

Vipimo vinavyobaki vitatoka kwenye michoro na picha. Mchoro uliopigwa skani mara nyingi umevutika upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo usiuamini kabla ya kuukagua: uweke GIMP, pima urefu wa bafa kwa bafa kwa pikseli, kisha pima umbali wa vitovu vya bogi. Uwiano wake lazima uwe 26.4 kwa 19.0. Halafu fanya hivyo kwa wima ukitumia urefu wa paa. Kama uwiano wa mlalo na wa wima hautoi idadi moja ya pikseli kwa mita, urekebishe mchoro kwanza.

Chanzo kimoja ambacho watu wanakipita bila kukiona ni behewa lenyewe. Ubavuni na kwenye fremu yake ya chini limeandikwa karibu kila kitu: uzito likiwa tupu, urefu, idadi ya viti, uzito wa breki. Picha moja ya karibu yenye maandishi yanayosomeka inakupa data ambayo ungeitafuta vitabuni kutwa nzima.

Kwa picha, Wikimedia Commons ina nyingi zenye leseni iliyo wazi, na Jumba la Makumbusho la DB liko Nürnberg. Jihadhari na mabehewa yaliyohifadhiwa. Mengi yamefanyiwa matengenezo na mapenzi mengi, na mapenzi hayo mara nyingine yamebandika kitambaa kipya cha viti au taa za kisasa. Picha iliyopigwa na abiria wa kawaida stesheni mwaka 1975, hata kama imefifia, ina ushahidi mzito zaidi.

Neno moja kwa wenzangu tuliokulia na reli ya mita moja, ile ya kati au ya Mombasa–Kampala. Jicho letu limezoea behewa pana lililokaa juu ya reli nyembamba, likining'inia pande zote mbili. Ulaya reli ni milimita 1,435 na behewa hili ni jembamba kwa urefu wake. Modeli yako ikikuonyesha picha unayoizoea, kuna kitu umekosea. Nenda kaitazame SGR: reli yake ni ya upana huohuo wa 1,435.

Hatua ya 3: Umbo

Katika Blender weka kipimo kuwa mita, na uweke sakafu ya dunia, yaani sifuri ya wima, juu kabisa ya reli. Chora sanduku la mwili, kisha weka vitovu vya bogi mita 9.5 mbele na mita 9.5 nyuma ya katikati. Hapa usikadirie. Simuleta inalizungusha behewa kwenye kona kwa kutumia vitovu hivyo, na kikikosewa kimoja, behewa litatembea kama linaburutwa.

Kuna hesabu ndogo inayofaa kuifanya mapema. Kwenye kona ya nusu kipenyo R, katikati ya behewa huingia upande wa ndani kwa kiasi cha mraba wa umbali wa vitovu, ukigawanywa kwa mara nane ya R. Kwa Silberling kwenye kona ya mita 300: 19 mara 19 ni 361, gawanya kwa 2,400, unapata mita 0.15. Sentimita 15 za tumbo zinaingia ndani ya kona. Hiyo ndiyo sababu mabehewa ya mita 26.4 yalifanywa membamba kuliko mafupi ya zamani. Tutaitumia namba hiyo tena wakati wa majaribio.

Majina ya sehemu zinazosogea lazima yafuate kanuni, la sivyo magurudumu hayatazunguka. Mwili uitwe MAIN. Bogi ziwe BOGIE1 na BOGIE2, watoto wa MAIN. Magurudumu yawe WHEELS11 na WHEELS12 chini ya bogi ya kwanza, na WHEELS21 na WHEELS22 chini ya bogi ya pili. Kitovu cha kila gurudumu kiwe katikati ya ekseli yake hasa. Kikiwa pembeni hata kwa sentimita moja, utaliona likirukaruka kwenye kila mzunguko.

Sasa yale yanayolitambulisha behewa. Milango haiko kwenye ncha kama mabehewa ya safari ndefu. Iko takriban kwenye theluthi za urefu, ili abiria wagawanyike na kushuka haraka. Ni milango mipana inayokunjika. Weka mstari wa kukunjia katikati ya mlango kwa poligoni halisi (vile vipande bapa vinavyojenga umbo), usiuchore tu, kwa sababu kivuli chake kinaonekana kutoka mbali. Madirisha yamegawanyika nusu mbili, na nusu ya juu inashuka. Kioo cha juu na cha chini havikai kwenye usawa mmoja. Kiweke kimoja nyuma ya kingine kwa sentimita mbili au tatu na utaona uso wa behewa unapata uhai ambao tekscha peke yake haiwezi kuutoa. Acha madirisha mawili matatu yakiwa yameshushwa. Ni treni ya kiangazi isiyo na kiyoyozi, na mwaka 1975 watu walifungua madirisha.

Kwenye ncha kuna kipito cha kwenda behewa la jirani chenye mito minene ya mpira mweusi, si kitambaa cha makunyanzi kama cha mabehewa ya zamani. Kwenye paa kuna matundu ya hewa. Usiyapange kwa nafasi sawa kwa kutumia zana ya kunakili. Yapange kama mchoro unavyosema, maana chini ya kila tundu kuna chumba fulani, na vyoo na kumbi za milango vinavuruga mpangilio.

Poligoni zigawe kwa kuangalia macho ya mchezaji yanakaa wapi. Mara nyingi anatazama treni kwa pembe, kutoka juu kidogo, au amesimama jukwaani. Kwa hiyo bogi, paa na kingo za madirisha zinastahili poligoni. Nyaya zilizo chini ya fremu zinatosha kwa mabomba machache. Tengeneza matoleo mawili au matatu ya umbo kwa umbali tofauti, ambapo la mwisho ni sanduku lenye magurudumu bapa. Treni ya mabehewa sita kwenye stesheni yenye treni nyingine tatu itakushukuru.

Hatua ya 4: Ngozi ya macho ya tausi

Jina Silberling limetokana na ngozi yake: chuma kisichoshika kutu, hakikupakwa rangi, na kimesuguliwa kwa brashi ya kuzunguka hadi kikapata safu za miduara inayopandiana. Wajerumani wanaiita jicho la tausi. Jua likiwa pembeni, kila duara linatoa miale miwili ya mwanga inayotazamana, na ukitembea, miale yote inazunguka pamoja. Hakuna simuleta ya kawaida itakayokupa jambo hilo bure. Itabidi ulidanganye jicho, na udanganye kwa kiasi.

Anza na hesabu ya pikseli. Ubavu wa mita 26.4 ukiuweka kwenye tekscha yenye upana wa pikseli 4,096, unapata pikseli 155 kwa mita, yaani pikseli moja inabeba milimita sita na nusu hivi. Hiyo haitoshi kwa miduara midogo. Ukate ubavu vipande viwili, kimoja juu ya kingine ndani ya tekscha hiyohiyo, na sasa una pikseli 310 kwa mita.

Ukubwa wa duara usiukisie. Tafuta picha ya karibu iliyopigwa mbele ya ubavu, hesabu miduara mingapi inakaa chini ya dirisha moja, ugawanye milimita 1,200 kwa idadi hiyo. Ndiyo rula niliyosema.

Kisha GIMP. Fungua picha tupu ya mraba yenye ukubwa wa duara moja mara nne, ili uchore kwa nafasi. Jaza mduara kwa gradienti ya koni yenye ulinganifu, iwe nyeupe na kijivu, upate ile miale miwili. Juu yake weka tabaka la kelele (vidoa vidogo visivyo na mpangilio), ulizungushe kwa kichujio cha ukungu wa mviringo. Litakupa mikwaruzo midogo inayolizunguka duara. Punguza hadi ukubwa halisi. Sasa panga safu: kila duara lipande juu ya jirani yake, na safu ya chini ipande juu ya safu iliyoitangulia. Mwisho shusha nguvu ya tabaka zima hadi asilimia 10 au 15 tu juu ya kijivu cha msingi.

Watu wengi wanaishia asilimia 40, kwa sababu kwenye GIMP inapendeza. Ukiingia kwenye simuleta na kurudi nyuma mita 100, ubavu mzima unaanza kuchemka: mistari na mawimbi yasiyokuwepo yanacheza kila kamera inaposogea. Dawa ni mbili. Hifadhi tekscha kama DDS, aina ya faili la picha, ikiwa na nakala ndogo za umbali ndani yake, na katika nakala hizo ufifishe mchoro hadi upotee kabisa kufikia nakala ya tatu au ya nne. Kwa mbali Silberling halisi halionyeshi miduara, linaonyesha mng'ao wa fedha uliofifia tu. Acha liwe hivyo.

Rangi ya msingi nayo si kijivu kimoja. Chuma tupu kinaakisi kilicho mbele yake: juu, karibu na paa, kinachukua anga na kuwa cheupe chenye ubaridi, chini kinachukua kokoto za reli na kuwa cha hudhurungi. Weka gradienti hafifu ya namna hiyo kwenye tekscha yenyewe. Usichore mng'ao wa jua upande mmoja, kwani tekscha hiyo itatumika pande zote mbili na jua la simuleta litakuumbua.

Uchafu ndio mahali ambapo wachoraji wazuri wanaharibu kazi. Wanachukua brashi ya kutu na kuipitisha chini ya kila dirisha. Chuma hiki hakishiki kutu! Kutu ni ya fremu ya chini, ngazi, viungio na bogi. Kinachochafua ubavu ni vumbi la chuma la breki, la rangi ya hudhurungi, linalopanda kutoka kwenye magurudumu na kukaa zaidi juu ya bogi kuliko katikati ya behewa. Ongeza michirizi ya maji ya kijivu chini ya pembe za madirisha, na mafuta ya mikono kuzunguka mipini ya milango. Paa liwe kijivu kilichokolea, na likolee zaidi kama njia yako ilikuwa ya dizeli.

Hatua ya 5: Namba na maandishi

Herufi zilikuwa za DIN 1451, kiwango cha Kijerumani cha herufi, zinazopatikana bure kwa miundo kadhaa. Daraja linaandikwa kwa tarakimu kubwa karibu na mlango. Behewa lenye daraja la kwanza lina mstari wa manjano juu ya madirisha ya sehemu hiyo peke yake. Ukiupeleka urefu wote wa behewa mchanganyiko, umewapa abiria wa daraja la pili zawadi.

Namba ya UIC ina tarakimu 12, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Wachezaji wenye jicho kali wanaihesabu, kwa hiyo ihesabu wewe kwanza. Tuchukue namba ya kubuni 50 80 22-34 123, ambamo 80 ni Ujerumani Magharibi. Zidisha tarakimu kwa 2, 1, 2, 1 kwa zamu kuanzia kushoto. Jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe: 10 inakuwa 1, na 16 inakuwa 7. Unapata 1, 0, 7, 0, 4, 2, 6, 4, 2, 2, 6. Jumla ni 34. Kufika kumi inayofuata, yaani 40, zinahitajika 6. Namba kamili ni 50 80 22-34 123-6.

Tarehe ya ukaguzi wa mwisho kwenye fremu iwe kabla ya siku ya safari yako. Ni maandishi madogo, lakini 1975 yenye ukaguzi wa 1981 nimeshaiona kwenye modeli nzuri sana.

Hatua ya 6: Ndani

Daraja la pili lina viti 96: viwili viwili kila upande wa njia, vikitazamana, sehemu 12 za watu wanane. Ukichora kiti kimoja vizuri, umemaliza theluthi mbili ya kazi. Gawanya sehemu za wavutaji na wasiovuta, na uweke vibandiko vyake madirishani. Vyombo vya majivu vilikuwepo.

Vioo vichore kama kitu cha peke yake, kitolewe mwisho baada ya vyote. Vikichorwa kabla ya viti, ukitazama kutoka nje viti vinatoweka. Kwa kamera ya abiria, tengeneza umbo la ndani lenye faili lake, na kichwa cha abiria kiwe kwenye usawa wa mtu aliyeketi, kama mita 1.2 kutoka sakafuni. Modeli nyingi zinamkalisha abiria darini.

Hatua ya 7: Faili la .wag

Hili ni faili la maandishi linaloielezea simuleta behewa, na hapa ndipo behewa linapata uzito. Mstari wa vipimo uandikwe Size ( 2.825m 4.05m 26.4m ). Simuleta hutumia urefu huo kupanga umbali kati ya mabehewa, kwa hiyo ukiandika 26.4 kamili bafa zinagusana. Zijaribu, kama unaona mwanga kati ya bafa na bafa, punguza sentimita mbili tatu, kwani kwenye treni iliyofungwa vizuri springi za bafa zimebanwa kidogo. Kiungio kiwe cha mnyororo, ambacho ndicho kilicho karibu zaidi na kile cha skrubu cha Ulaya.

Uzito uutoe kwenye maandishi ya ubavuni ya aina uliyoichagua. Likiwa tupu ni takriban tani 30. Treni ya saa 12 jioni si tupu. Abiria 96 wa kilo 75 ni tani 7.2, karibu robo ya uzito wa behewa. Tengeneza mafaili mawili yanayotumia umbo moja, tupu na lililojaa, na utahisi tofauti mara ya kwanza utakapofunga breki kwenye mteremko. Beringi ziandikwe za rola, na breki iwe ya hewa ya bomba moja. Kasi ya juu usiivushe ile ya aina yako: ya awali ilikuwa kilomita 120 kwa saa, na baadaye 140.

Hatua ya 8: Sauti

Fupi. Njia kuu za Ujerumani mwaka 1975 kwa sehemu kubwa zilikuwa za reli zilizochomelewa, kwa hiyo ile "ka-tá, ka-tá" tunayoipenda kwenye reli ya kati ifute, au iache kwenye swichi za stesheni na njia ndogo peke yake. Weka mlango unaojibamiza. Weka madirisha yanayotetemeka kichwa cha dizeli kinapoanza kuvuta. Kama mbele yako ni 141, ujue kilikuwa maarufu kwa mlio kama wa fataki kila dereva alipobadilisha hatua ya nguvu. Usiuweke ndani ya behewa la nne kwa sauti ileile ya behewa la kwanza.

Hatua ya 9: Panga treni na ujaribu

Silberling zilizaliwa kwa treni za kwenda na kurudi. Kichwa cha treni kinakaa upande mmoja, na upande wa pili kuna behewa lenye chumba cha dereva, ili wakifika mwisho wa njia wasihamishe chochote. Amri za dereva hupita ndani ya mabehewa kwa nyaya za udhibiti, na herufi ndogo b katika Bnb inasema nyaya hizo zipo. Kwa hiyo ukichomeka katikati behewa lolote lisilo na b kwa sababu tu ni zuri, treni yako haiwezi kusukumwa.

Mpangilio wa kuaminika kwa mwaka wetu ni: 141, ABnb moja (mchanganyiko wa daraja la kwanza na la pili), Bnb mbili, na BDnf mwisho, lile lenye chumba cha dereva. Kichwa cha BDnf kiwe kile cha zamani ambacho Wajerumani walikitania kwa jina la kibanda cha sungura, chumba finyu chenye mlango wa kipito katikati, au kile kipya cha miaka ya 1970 kilichoitwa cha Karlsruhe. Kile cha Wittenberge chenye kioo kikubwa ni cha miaka ya 1990, hata kama ndicho chenye picha nyingi zaidi.

Usirudie Bnb ileile mara mbili. Tengeneza angalau matoleo matatu yenye namba na uchafu tofauti, na uligeuze moja ili choo chake kiwe upande wa pili.

Majaribio yanafuata mpangilio huu: weka treni kwenye kona ya mita 300 na utazame kutoka juu kama tumbo la behewa limeingia zile sentimita 15, likiwa limeingia 25 au halijaingia kabisa, rudi kwenye vitovu vya bogi. Kisha simamisha treni jukwaani na uangalie kama ngazi zinagusa kingo. Kisha usiku, utazame kama mwanga wa ndani unavuja kupitia paa. Kisha mbali, mita 500, uangalie kama ngozi inachemka. Jaribio la mwisho, piga picha ya skrini kwa pembe ileile ya picha halisi ya 1975, uzigeuze zote mbili kuwa nyeusi na nyeupe, uziweke sambamba. Rangi ikiondoka, makosa ya umbo hayana pa kujificha. Mara nyingi utakuta paa limekuwa bapa mno au madirisha yamepanda juu.

Ukifungasha kwa ajili ya wengine, folda ziende TRAINS\TRAINSET na mpangilio wa treni uende CONSISTS. Ndani weka faili la maelezo lenye mwaka wa modeli, leseni za picha ulizotumia, na orodha ya ulichokadiria kwa kukosa ushahidi. Jina la folda libebe mwaka, mfano DB_Bnb_1975, ili atakayetaka toleo jekundu la 1997 ajue mapema kwamba hapa halipo.